Usiitwike Baridi Lawama Zote

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, Minneapolis huamka asubuhi moja na kukuta vioo vya magari vimeganda. Asubuhi hiyo hiyo, kwenye dashibodi nyingi, huwaka taa ya njano yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku anashauriwa na dereva wa teksi, dereva wa teksi alishauriwa na shemeji yake, na shemeji alisikia kwenye maegesho ya kanisa. Mwingi wa ushauri huo una chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoufanya uwe mgumu kung'oka. Haya ndiyo ninayoyasikia sana.

"Ni baridi tu, usijali."

Tuanze na lililo kweli. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi hupungukiwa nguvu inapopoa. Kanuni ya gereji za huku ni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10 za Fahrenheit, yaani kama 5.5 za Selsiasi, tairi hupoteza PSI 1 hivi. Hakuna kilichovuja. Hewa ni ile ile, ila inasukuma kwa nguvu ndogo.

Sasa tupige hesabu. Chukua gari dogo ambalo kibandiko chake cha mlangoni kinataka PSI 33. Ulijaza 33 mwezi wa Septemba, siku ya nyuzi 20 za Selsiasi. Sasa ni Januari, alfajiri, nyuzi 20 chini ya sifuri. Hesabu hii haifanywi kwa 33 peke yake. Unajumlisha kwanza msukumo wa hewa ya nje, ambao ni PSI 14.7 mahali pasipo na mwinuko, kisha unapunguza kwa uwiano wa joto linalohesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri, halafu unaitoa tena ile 14.7. Jibu ni 26.5 hivi. Umepoteza 6 na nusu, na si kidogo. Lakini sheria ya Marekani inaitaka taa iwake tairi likipungua kwa asilimia 25 chini ya kibandiko, na ukitoa robo kwenye 33 hubaki 24.75. Kwa hiyo 26.5 bado haijafika. Tairi lililojazwa sawasawa linaweza kuteremka nyuzi 40 za joto na taa isiseme neno.

Basi mbona imewaka? Imewaka kwa sababu tairi halikuwa na 33 tangu mwanzo. Hewa hupenya kwenye mpira wenyewe, taratibu, hata kama hakuna pancha. PSI 1 au zaidi kwa mwezi ni kawaida. Mtu aliyepima mara ya mwisho wakati wa kiangazi ameshapoteza 4 au 5 bila kujua. Na ile taa ya asubuhi ya kwanza ya barafu, nyuzi 0 tu, inakwambia zaidi. Tairi lililokuwa na 33 siku ya nyuzi 20 lingesoma karibu 30 kwenye nyuzi 0. Ili lifike 24.75, ilibidi liwe na 27 au 28 wakati bado unavaa shati la mikono mifupi. Baridi imelifichua tu.

Ni kweli watengenezaji wengine huiweka taa iwake mapema kidogo kuliko sheria inavyotaka, na ni kweli zipo siku ambazo baridi peke yake inatosha. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Ukiirudia hesabu yetu kwa siku hiyo unapata 24.4, na taa inawaka kwa haki. Lakini hata siku hiyo jibu lilikuwa pampu. Tairi lenye 24 lina 24, iwe hewa imepenya kwenye mpira au imepoa. Gari linabebwa na msukumo uliopo sasa, na kibandiko cha mlangoni kinasema kiasi kinachotakiwa tairi likiwa baridi, kwa baridi ya siku hiyo, hata kama mwezi uliopita hali ilikuwa nzuri.

Jambo moja dogo: watangazaji wa hali ya hewa hutoa namba mbili, moja ya joto lenyewe na nyingine ya jinsi baridi inavyosikika mwilini pepo zikivuma. Hii ya pili ndiyo inayotisha, na ndiyo watu wanayoinukuu wanapoieleza taa. Tairi halina ngozi yenye unyevu. Pepo zitalipoza haraka zaidi, lakini hazitalishusha chini ya joto halisi la hewa. Pigia hesabu ile namba ya kwanza.

Wengi wetu hatukulijua nyumbani jambo hili la baridi kushusha geji, na sababu yake inapendeza. Dereva aliyelelewa Kenya atakwambia alikuwa akitoka Mombasa kwenye nyuzi 32, analala Limuru, anaamka kwenye nyuzi 8, na geji haisogei. Ni kweli, haisogei. Kushuka kwa nyuzi 24 kunatoa PSI 4 hivi. Lakini Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na huko hewa ya nje ni nyepesi, haisukumi tena 14.7 bali 11 na kitu. Kwa kuwa geji hupima tofauti kati ya ndani na nje, mlima unairudishia karibu yote ambayo baridi iliichukua. Minnesota haina mlima wa kukusaidia. Inapoa pale pale ilipo.

"Endesha dakika kumi, itazima yenyewe."

Mara nyingi itazima, na ndiyo maana ushauri huu ni mbaya. Tairi linalozunguka hujipasha moto kwa kukunjwa na kukunjuka, na upepo unaweza kupanda PSI 3 au 4 kabla hujafika kazini. Tairi lililoamka na 24 linafika na 27, taa inazima, mwenye gari anashukuru. Kesho alfajiri limerudi kwenye 24. Anayeegesha gari nje atayaona haya kila siku kwa miezi mitano, na baada ya wiki mbili macho yake yatakuwa yameshaizoea ile taa. Siku msumari utakapoingia kweli, hatatofautisha.

Fikiria pia joto lililoizima limetoka wapi. Tairi lenye upepo mdogo hukunjwa zaidi kuliko inavyopaswa, hasa ubavuni, na kadiri linavyokunjwa ndivyo linavyochoka ndani ambako huoni. Mafuta nayo huliwa. Hesabu ya serikali ya Marekani ni kwamba kila PSI 1 inayopungua kwa wastani wa matairi yote manne hupunguza umbali unaokwenda kwa mafuta yale yale kwa asilimia 0.2 hivi. Ni kidogo, sitakudanganya kwamba utatajirika. Mbavu za tairi ndizo zinazonitia wasiwasi.

"Hiyo taa ni biashara ya gereji. Huwaka mapema ili upeleke gari."

Dai hili limekaa kinyume kabisa. Taa ile huchelewa. Tairi lililopungukiwa robo ya upepo wake limeshaharibika kiutendaji: breki, kona na uwezo wa kubeba mzigo vyote vimeguswa. Juu ya hapo, sheria inaupa mfumo hadi dakika 20 za kuendesha kabla ya kulazimika kuonya.

Na haikuletwa na gereji. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliagiza yarudishwe mamilioni ya matairi, mengi yake yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya matairi kubambuka barabarani na magari kupinduka. Zaidi ya watu 200 walikufa Marekani. Katika mabishano yaliyofuata, moja ya mambo yaliyojitokeza ni upepo: Ford ilikuwa imewaambia wateja wajaze 26, na Firestone ikasema ilipaswa kuwa 30. Tairi lenye upepo mdogo, mzigo mzito, joto la kusini na mwendo wa kasi havikupatana. Bunge likapitisha sheria mwaka huo huo, Rais Clinton akaitia sahihi Novemba, na kanuni iliyotokana nayo ikaanza kutekelezwa hatua kwa hatua mwaka 2005. Kuanzia Septemba 2007 kila gari jipya la abiria na pikapu ndogo linalouzwa Marekani lazima liwe na mfumo huo. Malori makubwa hayamo, kwa hiyo jamaa zetu wanaovuta trela wasiitegemee sheria hii. Ulaya ilifuata: tangu Novemba 2014 magari mapya yote madogo huuzwa yakiwa nao.

Kwa hiyo taa ilizaliwa kwenye joto la Texas na Florida. Hapa kwenye barafu tunaiona zaidi kwa sababu hapa ndipo upepo unapoporomoka ghafla.

"Nimeyaangalia matairi, yamejaa. Taa ndiyo mbovu."

Jicho halipimi tairi la siku hizi. Tairi la radiali hufura ubavuni hata likiwa sawasawa, na lenye 24 hufanana na lenye 33 kiasi cha kumdanganya fundi mzoefu. Teke halisaidii, wala rungu analogongea turnboi stendi. Kwenye baridi ndiyo hadaa zaidi, kwa kuwa mpira wenyewe umekakamaa na unajibu kana kwamba umejaa. Nunua geji, bei yake haifiki ya chakula cha mchana.

Na unapopima, pima gari likiwa limesimama saa tatu au zaidi, au limekwenda chini ya kilomita moja na nusu. Walio na gereji yenye joto nyumbani waangalie mtego mwingine. Ukijaza 33 ndani kwenye nyuzi 15 kisha ukatoka nje kwenye 20 chini ya sifuri, unatoka na 27. Mtu wa namna hiyo huapa kwamba alijaza jana, na ni kweli alijaza. Angeongeza PSI 6 au 7 juu ya kibandiko palepale ndani, na baridi ya nje ingemrudisha mahali pake.

"Jaza hadi namba iliyoandikwa kwenye tairi."

Hapana. Namba ya ubavuni, 44 au 51 kwa matairi mengi ya magari madogo, ni kikomo cha tairi lenyewe, na tairi hilo hilo huuzwa kwa magari ya uzito mbalimbali. Namba yako iko kwenye kibandiko, ukifungua mlango wa dereva. Ukijaza 44 gari litarukaruka na tairi litagusa barabara kwa ukanda mwembamba wa katikati, jambo usilolitaka kwenye barafu.

"Bonyeza kile kitufe, taa inazima."

Ushauri huu ndio unaonikera kuliko yote, kwa sababu unafanya kazi.

Mifumo iko ya aina mbili. Wa kwanza una sensa ndani ya kila rimu, kwa kawaida nyuma ya valvu, inayopima upepo wenyewe na kuutangaza kwa redio ndogo. Wa pili hauna sensa ya upepo kabisa. Unatumia zile za breki za ABS zinazohesabu mizunguko ya gurudumu. Tairi lililopungua huwa fupi kidogo, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake kwa umbali ule ule, na kompyuta inaigundua tofauti hiyo.

Kitufe cha kuweka upya mara nyingi ni cha huo wa pili. Maana yake si "zima taa". Kinaiambia kompyuta: "Upepo uliopo sasa hivi ndio sahihi, ukariri." Ukikibonyeza kwenye maegesho huku matairi yote yana 25, umelifundisha gari kwamba 25 ni kawaida, na kuanzia hapo litasubiri upungue kutoka 25 ndipo likwambie. Umeinyamazisha kwa majira yote ya baridi. Kitufe hubonyezwa baada ya kujaza, kamwe si kabla.

Mfumo huu unaonyesha pia kwa nini kimya cha taa si cheti. Baridi huyashusha matairi yote manne kwa pamoja. Mfumo unaolinganisha gurudumu moja na jingine ni rahisi kupitwa na hali hiyo, ingawa mipya inasikiliza pia mtetemo wa tairi ili isidanganyike. Nao wenye sensa za upepo, kama tulivyoona, hunyamaza mpaka robo itoweke. Kati ya 33 na 25 kuna nafasi kubwa ya kuendesha vibaya bila kuambiwa na mtu. Pima mara moja kwa mwezi, taa iwake isiwake.

Wenye sensa za rimuni wana swali tofauti: nimejaza na bado inawaka, kulikoni? Gari likisimama, sensa hulala ili zisimalize betri. Endesha dakika kadhaa kwa mwendo wa kawaida ziamke zitoe taarifa. Ikigoma baada ya hapo, pima tena, na usilisahau tairi la akiba, kwani baadhi ya magari yana sensa humo pia.

"Inapepesa, ongeza upepo."

Taa inayotulia na taa inayopepesa ni habari mbili. Ikiwaka na kutulia, upepo ni mdogo. Ikipepesa dakika moja hadi moja na nusu unapowasha gari, kisha ikatulia, mfumo unasema wenyewe ni mgonjwa. Pampu haitautibu.

Wakati wa baridi chanzo kikubwa ni betri. Kila sensa ina betri yake ndogo ya lithiamu iliyozikwa ndani, haibadilishwi peke yake, na huishi miaka 5 hadi 10. Betri iliyozeeka hulegea zaidi ikiganda, kwa hiyo gari la miaka minane linaweza kupepesa alfajiri ya Januari na kuwa zima kabisa saa saba mchana. Hilo ni tangazo kwamba sensa inaelekea mwisho. Ukiwa unabadilisha matairi mwaka huo, badilisha na sensa kwa safari moja, maana gharama ya kulivua tairi kwenye rimu utakuwa umeshailipa.

Chanzo cha pili ni seti ya pili ya magurudumu. Wenye busara hapa wana matairi ya theluji kwenye rimu zake. Rimu hizo zikiwa hazina sensa, gari litatafuta sauti nne lisizipate, na litapepesa hadi Aprili. Zikiwa nazo, baadhi ya magari huzitambua yenyewe na mengine hutaka fundi ayajulishe kwa kifaa chake. Ukinunua sensa mtandaoni, hakikisha masafa yake: Amerika ya Kaskazini hutumia zaidi megahezi 315, Ulaya 433.92. Sensa ya Ulaya kwenye gari linalosikiliza 315 ni bubu hata ikiwa mpya.

Na ile chumvi inayomwagwa barabarani. Sensa nyingi zina shina la alumini. Ukifunga juu yake kofia ya mapambo ya shaba, chumvi na maji huviunganisha mpaka visitenganike, na fundi akilazimisha, shina linakatika pamoja na sensa yake. Kofia ya plastiki iliyokuja na gari inafaa. Usiiache valvu wazi pia: maji yakiingia ndani yake na kuganda, haifungi vizuri na hewa inatoka. Chumvi hiyo hiyo hutafuna ukingo wa rimu ya alumini pale tairi linapokaa. Kama tairi moja tu linashuka kila wiki na hakuna msumari, mwambie fundi aangalie hapo.

"Theluji ikinyesha, punguza upepo ili gari lishike."

Ushauri huu una asili yake. Aliyeendesha Landi Kruza kwenye mchanga wa Turkana anajua kwamba ukipunguza upepo tairi linatanda na gari halizami. Lakini barabara ya mjini hapa si mchanga. Chini ya theluji kuna lami, na unachotaka ni tairi lipenye liifikie, na vile vijichale vyembamba vya tairi la theluji vifunguke na kuuma. Tairi lenye upepo mdogo huvibana vijichale hivyo na kuchelewa kuitikia usukani. Na mchangani unakwenda polepole. Hapa unaingia barabara kuu kwa maili 60 kwa saa ukiwa na upepo wa jangwani.

"Weka naitrojeni, haisikii baridi."

Hewa ya bure ni naitrojeni kwa asilimia 78 tayari. Inayouzwa ni ile iliyosafishwa hadi asilimia 95 hivi au zaidi, na hiyo husinyaa kwenye baridi kwa kanuni ile ile, kiasi kile kile. Faida yake ni nyingine: hupenya kwenye mpira polepole kidogo, na haina unyevu. Jarida la Consumer Reports lilijaza jozi 31 za matairi kwa PSI 30, moja kwa hewa na nyingine kwa naitrojeni, likayaacha nje mwaka mzima. Yenye hewa yalipoteza wastani wa 3.5, yenye naitrojeni 2.2. Tofauti ya PSI 1.3 kwa mwaka. Ukipewa bure, pokea. Ukiombwa dola kadhaa kwa kila tairi, zinunulie geji.

"Ukijaza kwenye baridi, joto likirudi yatapasuka."

Hebu tuone. Umejaza 33 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Wiki inayofuata hali inalegea hadi nyuzi 5 juu ya sifuri. Geji itasoma kama 37.7. Imezidi kibandiko, ndiyo, na gari litakuwa gumu kidogo kwenye mashimo, lakini tairi lenye kikomo cha 44 au 51 halijakaribia hatari. Hata siku ya nyuzi 20, kama hukuligusa tangu Januari, lingefika 40. Kisha kumbuka kwamba katika miezi hiyo litakuwa limepoteza 2 au 3 kupitia kwenye mpira. Theluji ikishayeyuka, pima alfajiri moja ya Aprili kabla hujatoka, na uchungulie kibandiko. Kilichozidi kitoe kwa kuibonyeza sindano ya valvu kwa ncha ya ufunguo, kidogo kidogo, ukipima kila mara.